Kilima cha Keza Kimetuumbua

Mama Skola, mke wangu, shikamoo! Leo nimeanza mimi, cheka tu.

Nipo Nyakanazi, nasubiri gari la kwenda kwa Skola wetu, Kaniha. Hapa madereva wa malori wanapimwa presha duka la dawa huku chai yao inapoa. Kwetu Keza kipimo cha zahanati kilishakufa, wazee tunapimwa na Mungu. Nikaingia nami. Binti wa duka akauliza, "Babu, ukipanda kilima unasimama kupumzika?"

"Sipumziki, nakagua migomba ya watu."

"Tangu lini umekuwa bwana shamba?"

Watu wakacheka, ila presha imepanda mno. Kasema niende hospitali, Biharamulo.

Nikakumbuka ujana wetu, tukitoka shamba, unanipita kilimani na mkungu wa ndizi kichwani, ukiniita kobe. Siku hizi mimi nakagua migomba, na wewe kila kona unafunga kanga upya. Kanga gani hiyo isiyokaa kiunoni?

Ifunge mara moja tu, panda pikipiki mpaka barabarani, uje kwa Skola tukapimwe wote. Peke yangu siendi. Na ile marahaba yangu, njoo nayo mdomoni.

Kobe wako