Hisa za Saruji Zimeamkaje?

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta u mzima, na lile goti limepunguza ukaidi. Mimi sijambo, kazi zinakwenda. Najua utashangaa kupata barua wakati jana tu tuliongea kwenye simu, lakini haya ya leo nisingeweza kuyasema mbele ya wenzangu wa ofisini.

Uliwahi kuniuliza kazi yangu ni nini hasa, nikakujibu kwa mkato kwamba nasoma soko. Chati hunionyesha bei ilipopanda na iliposhuka, ila hainiambii watu wanajisikiaje. Hilo nalisikia kwenye simu za wawekezaji. Mwenye hofu huuliza bei kabla ya salamu. Mwenye tamaa huuliza jirani yake amenunua nini. Hisa zikipanda kila mtu ni mtaalamu. Zikishuka wanamkumbuka Mungu na wakala wao. Jioni naandika ripoti fupi ya hali ya wawekezaji, nampelekea mkuu wangu. Uliniita Kasuku kwa domo langu. Sasa nalipwa kwa kunyamaza na kusikiliza.

Basi wiki iliyopita niliandika kwamba wenye hisa za saruji wameingiwa na wasiwasi. Mkuu akaniita, akataka kujua wasiwasi huo nimeutoa wapi, maana bei ya hisa za saruji imelala tangu mvua zilizopita, hakuna anayeuza wala anayenunua. Akauliza ni wawekezaji wangapi waliopiga simu. Nilipofikiri vizuri, Baba, nikakuta ni wewe peke yako. Nikamwambia ni mzee mmoja hivi. Alicheka mpaka akavua miwani, akasema mzee huyo anaipenda saruji kuliko fundi mwashi. Nami nikacheka, ingawa uso ulinishuka.

Jumapili shangazi akapita kwangu. Katika maongezi akasifu bati jipya la nyumba yetu, akasema ulifanya la maana kuuza zile hisa zote. Nikauliza hisa zipi. Akanishangaa, akasema si zile za saruji, ulizouza kwa wakala wa huko huko muda mfupi baada ya kumzika mama. Nikamwongezea chai, nikabadilisha mazungumzo.

Alipoondoka nilikaa na kikombe changu mpaka chai ikapoa. Nikakumbuka zamani nikipiga simu nyumbani. Ukipokea wewe, ulikuwa unasema hujambo, umekula, haya, ongea na mama yako. Sasa hakuna wa kumpa simu. Kumbe ndiyo maana kila siku unaniuliza hisa za saruji zimeamkaje, nami nakueleza kirefu habari za ujenzi, barabara na bei ya mafuta, hadi useme haya, tuzidi kusubiri.

Mimi ninayejidai kusikia hofu za watu nisiowajua, sauti ya baba yangu imenipita muda wote huo. Ila na mimi nina langu, Baba. Swali la hisa iliyolala hujibiwa kwa neno moja. Nilikuwa nakuchelewesha kwenye simu makusudi. Saa ya simu yako ikikaribia simpokei mteja yeyote, nisije nikakukosa. Jana uliponiuliza zimeamkaje nilikuwa nimeshajua kwamba huna hata hisa moja, na bado nikakueleza habari za barabara. Nina hamu nawe mno. Siku ambazo soko limefungwa ndizo ngumu kwangu, kwa sababu hupigi, nami naona haya kupiga bila jambo.

Nisalimie shangazi, na tafadhali usimgombeze, hakujua anachofichua. Waambie majirani nawakumbuka. Hilo goti likande kwa maji ya moto, usilibishie.

Bei ya saruji ni ile ile. Nipigie Jumamosi, Baba, soko likiwa limefungwa.

Mwanao akupendaye,
Kasuku