Medali Iliyo Mikononi mwa Marehemu Baba

Shangazi Kapitolina wa safu ya ushauri gazetini, nakusalimu, na nakuomba unisome mpaka mwisho kabla hujanihukumu, maana huku kijijini wameshamaliza kunihukumu, hata dukani nikiingia kununua mkate Lida muuzaji ananipokea kwa sauti, "Duka la Dawa hilo limefika, leo unauza au unanunua?" na foleni nzima inacheka. Mimi ni Taisia, yule wa mbio za kuteleza kwa ski thelujini na kulenga shabaha kwa bunduki, na jina sifichi kwa sababu magazeti yameshaliandika vya kutosha.

Nilifungiwa miaka miwili. Kambini daktari wa timu alikuwa akitutilia matone ya dawa kwenye chai ya asubuhi, na daktari haulizwi, Shangazi, wewe unatujua, ukiuliza asubuhi jioni umefungashiwa begi na nafasi yako kapewa mwingine, basi nikanywa, na kwenye vipimo nikapatikana mimi peke yangu, daktari akahamishiwa timu nyingine kimyakimya, mimi nikaonyeshwa mlango, na kwa kuwa ile medali ya shaba tuliipata wasichana wanne kwa mbio za kupokezana, kila mmoja na yake shingoni, ikafutwa kwa wote wanne.

Wakati huo baba alikuwa taabani na mapafu. Baba yangu Savely alikuwa mwindaji, ndiye aliyenifundisha kushika bunduki, na Urali yote ya upande wetu inamjua kwamba akimkuta kulungu ameanguka msituni kwa risasi isiyo yake hamgusi, atatembea kijiji hadi kijiji mpaka ampate mwenye risasi amwambie, "Njoo uchukue mzigo wako." Mtu huyo alikufa akigombana na majirani, anasema binti yangu kaonewa, binti yangu hawezi kitu kama hicho, na mimi nimekaa kando ya kitanda nimenyamaza. Barua ya chama cha mchezo wetu ya kudai medali ilikuwa imeshafika. Siku ya mazishi, wanaume wakiwa makaburini wamewasha moto ili ardhi iliyoganda kwa baridi iyeyuke wapate kuchimba, mama aliitoa medali kabatini, akaiweka chini ya mikono ya baba jenezani, akaniambia, "Waje waichukue hapo, tuone." Nami nikaona sawa.

Sasa adhabu imekwisha. Nimejifua peke yangu muda wote huu, navuta tairi kwenye barabara ya msituni, nalenga shabaha kwa bunduki tupu, na mwili uko tayari, Shangazi, nakuapia haujawahi kuwa hivi, lakini mchujo ni Desemba na ofisi ya chama inasema medali isiporudi jina langu haliingii, na kwa umri wangu nikikosa msimu huu sitapata mwingine.

Wiki iliyopita alikuja Nonna, yule niliyekuwa nikimwachia zamu kwenye mbio. Alikuja kwa treni kutoka mbali, na hakuvua hata koti.

"Fukua," akasema. "Ya kwangu nimeirudisha kwa mkono huu, na mimi sikunywa kitu. Chai yangu nilikuwa naimwaga kwenye maua."

"Nonna, shoga yangu, yule ni baba yangu."

"Shoga yako nilikuwa zamani. Fukua."

Mama akatoka jikoni na mwiko mkononi. "Nani afukuliwe? Wewe mgeni, mlango ndio huo. Na wewe, Taisia, ukigusa kaburi la mume wangu usiniite mama tena. Savely amelala na haki ya mtoto wake."

Tangu siku hiyo koleo analificha chini ya kitanda chake. Hata jiwe la kaburi amekataa kuliweka, msalaba wa mbao umeinama na watu wanasema, yeye anajibu jiwe litawekwa siku jina langu likisafishwa. Shangazi, nifukue au niache? Nimechoka, na Desemba hiyo inakuja.

Taisia

*

Taisia binti Savely,

Pole kwa msiba, na pole kwa huyo Lida. Mwambie Shangazi amesema auze mkate, ulimi aupumzishe. Pole zangu zimeishia hapo.

Barua yako nimeisoma mara mbili nikitafuta mahali ulipomwomba Nonna msamaha, sijapaona. Mwanamke kasafiri kote huko, kasimama na koti lake ndani ya nyumba yako, na wewe unamwita shoga! Daktari ana makosa, tena makubwa, na kama leo anawatilia matone wasichana wengine ulipaswa uwe umeshampeleka kunakohusika, badala ya kuniletea mimi habari zake bila hata kumtaja jina. Lakini kikombe ulikiinua mwenyewe. Mama yako hajui hilo. Analalia koleo, maskini, akilinda haki ambayo haipo, kwa sababu ulinyamaza mbele ya mumewe anayekufa na mpaka leo umenyamaza.

Sasa kaburi. Unaliongelea kama jambo la wewe, mama yako na ofisi. Siku ile nyuma yenu walimaliza wasichana wengine wanne, wakarudi kwao mikono mitupu. Shaba ile ni yao. Na wewe mwenyewe umeniandikia baba yako alikuwa mtu wa namna gani, kisha ukapita mbio kama hukuandika kitu. Mwindaji ambaye maisha yake yote hakugusa kulungu wa risasi ya mwenzake, leo mmemlaza ameshikishwa mawindo ya watu, na miguu ya kwenda kuwaita hana. Nilipofika hapo nililia, na mimi silii ovyo.

Kwa hiyo medali itoke. Ila si sasa. Ukiwasha moto juu ya kaburi la baba yako ili uwahi mchujo, kijiji kitasema umemfukua mzazi kwa ajili ya mashindano, na safari hii kitakuwa kimesema kweli. Ngoja Mei, ardhi ilainike yenyewe.

Leo hii mkalishe mama yako umwambie, "Mama, nilikunywa." Atapiga kelele, pengine atakutoa nje, kalale kwa jirani, kesho urudi. Halafu panda treni uende kwa Nonna, na usiende na maelezo. Jina la daktari liandike, ulipeleke kwa wanaopaswa kulijua. Mei uombe kibali, umwite kasisi, mama yako awepo, umpunguzie baba yako mzigo usio wake. Siku hiyo hiyo msalaba ulioinama uondoke na jiwe lisimame, maana jina lililokuwa linasubiriwa halitasafishwa. Medali uipeleke kwa mkono wako, kama Nonna alivyofanya.

Najua unachotaka kuniambia. Mei msimu utakuwa umepita, nafasi yako itakuwa na mtu, na mwili huo uliouvutisha tairi hautapelekwa popote. Ndiyo, mwanangu. Hutakimbia tena. Desemba ungemfukua kwa ajili yako. Mei utamfukua kwa ajili yake.

Shangazi Kapitolina