Mfarishi Aliouacha Mama

Ilembo, Jumamosi, Novemba 1976

Mawingu yamejikusanya toka asubuhi na mvua hainyeshi. Nami niko hivyo hivyo.

Leo nimejua kushona mawimbi. Ningefurahi, kama ningekuwa namshonea mtu mwingine.

Mama aliporudishwa kwao Kasansa, kwa mjomba, aliacha mfarishi wake kwenye cherehani, nusu umeshonwa, nusu bado. Juu ni viraka vya vitenge vyake na vya gauni langu la ubatizo, katikati blanketi kuukuu, chini shuka. Baba alimkataza kuchukua cherehani kwa sababu yeye ndiye aliyeinunua. Mfarishi nao ukabaki. Hakuna aliyeugusa mpaka juzijuzi, baba aliponiita.

"Malizia lile blanketi. Mgeni anakuja mwisho wa mwezi."

Mgeni ni mke mpya.

Nikajibu, "Ndiyo, baba." Mimi hujibu hivyo kila mara. Hata darasani niko hivyo. Tuliambiwa tuandike habari za familia kwa Kiingereza, nikaandika kwamba mama yangu yuko nyumbani na anashona. Mwalimu akaweka alama ya vyema. Sentensi haikuwa na kosa.

Mawimbi ya mama si mshono wa kawaida ulionyooka. Unafungua na kutoa mguu wa cherehani unaobana kitambaa, unafunika meno ya cherehani kwa kipande cha bati, halafu unakisukuma kitambaa mwenyewe huku miguu inakanyaga. Mikono ikikimbia kuliko miguu, mishono inakuwa mirefu kama ya gunia.

Lakini yangu ilikuwa mibaya kuliko hiyo. Kila nikigeuza, chini nakuta kiota cha nyuzi. Nafumua, naanza tena, kiota kingine.

Shangazi, dada yake baba, amekuja kupika pombe ya kumpokea mgeni. Alikuwa ananiangalia kutoka uani.

"Ndiyo kazi ya mama yako hiyo," akasema. "Alikaa na cherehani kuliko na mume. Angezaaje mwingine baada yako?"

Nilikanyaga kwa nguvu, sindano ikagonga bati, ikavunjika.

"Basi na wewe utarudishwa," akasema, akacheka peke yake.

Nilipokuwa naweka sindano nyingine ndipo nikakumbuka. Mama kila akianza alijisemea, "Shusha mkono." Mkono ni kile kishikio cha nyuma ya cherehani, cha kushushia ule mguu. Mguu ukishatolewa, unaona hakuna cha kushusha, unakiacha juu, na uzi unalegea wote. Kumbe lazima kishuke hata kama hakibani kitu.

Nikakishusha. Mshono ukakaa.

Wimbi langu likaungana na lake pale alipokatisha, nikaenda nalo mpaka ukingoni. Nilipomaliza nilitafuta kwa kidole mahali mama alipoishia. Sikupaona. Hapo ndipo nilipolia, si kabla.

Jioni baba aliugeuza mfarishi pande zote.

"Umeshona kama mama yako."

Tangu mama aondoke, baba alikuwa hajawahi kumtaja mbele yangu. Nikangoja aongeze neno.

"Mgeni atafurahi," akasema.

Kuna kitu sikumwambia mtu. Nilipanga kwamba siku nitakayoambiwa nitandike kitanda, nifumue sehemu yangu, wabaki na viraka vinavyoning'inia. Sasa siwezi. Nikianza kufumua yangu, nitafumua na ya mama.

Basi mfarishi utaondoka mzima.

Kesho shangazi ataenda misa. Baba siku hizi haendi, atakuwa shamba. Lori la chumvi na sabuni linapita kwenda Kasansa, na utingo wake anamfahamu mjomba. Mfarishi unaingia kwenye gunia moja, nimeshajaribu.

Baba atauliza uko wapi. Itabidi nitafute jibu lingine, na tangu nizaliwe ninalijua moja tu.