Mama Sifa, benchi nimelirudisha ndani

Mama Sifa,

Tangu tukuzike, kituo chetu cha afya kimepata mkuu mpya, na wewe usingemvumilia hata asubuhi moja. Aliamuru watu waliokimbia vita wakae kwenye benchi lao, nje, karibu na choo. Wao tu waulizwe kuhusu kikohozi, wao tu wapewe kikopo cha makohozi. Kila anayepita njiani anajua nani anashukiwa kifua kikuu. Wiki ya pili benchi lilikuwa tupu. Walibaki mtaani Kasenga, kwenye nyumba walikopokelewa, wanakohoa wakiwa wanane chumba kimoja.

Na mimi nilinyamaza, Mama. Mimi uliyenifundisha kazi.

Uliniambia, "Weye uliza bantu bote, hata pasta." Na pasta ulimuuliza kweli, mbele ya waumini wake, akaenda kutema huku amenuna. Tulicheka siku nzima. Lakini mtu mmoja hukumuuliza. Ulikohoa miezi mitatu ndani ya kitenge chako ukisema ni vumbi la barabara ya Bwegera. Nimekukasirikia kwa hilo. Bado nina hasira, na bado nakulilia.

Basi Jumatatu nikabeba benchi, nikalirudisha ndani. Nikaandika jina langu kwenye kikopo, watu wote wakiona, nikaenda uani penye hewa, nikakohoa. Halafu nikampa kikopo muuza ndagala, dagaa wetu wa ziwani, mtu wa hapa hapa mjini, halafu mzee mmoja aliyekimbia vita kutoka milimani. Hakuna aliyekataa. Mkuu akaniita ofisini, akasema nikirudia atanihamisha. Nimerudia kila siku.

Jana majibu yangu yalitoka. Ninao ugonjwa wako, Mama.

Mkuu alitaka niseme ni malaria, nipumzike kimya, nisikiaibishe kituo. Nikavaa barakoa, nikasimama mlangoni, nikaiambia foleni nzima kwamba nina kifua kikuu na kwamba kinapona. Wengine walisogea nyuma. Yule mzee hakusogea. Aliomba kikopo kingine, cha mjukuu wake aliyekuwa amemficha nyumbani.

Kwaheri, Mama yangu. Sitakufuata kwa njia ile uliyopita. Dawa nitazimeza zote, miezi sita, na siku daktari akiniruhusu kurudi kazini, wa kwanza kupewa kikopo ni mkuu mwenyewe.

Ni mimi, Neema wako.