Safu ya Kumi na Saba

Mjomba,

Nimeliandika neno hilo mara nne na kulifuta mara tatu. Niko maktaba ya shule, ni Jumamosi, na siwezi kutulia. Nikikaa dakika mbili nasimama, natembea hadi dirishani, narudi. Mwalimu wa maktaba ameshaniuliza kama nina homa.

Sina homa. Nina bodi mbovu.

Jumatano tunakwenda kwenye kongamano la sayansi la kaunti, na atakayesimama mbele ya waamuzi ni mimi, mimi ambaye ulisema nikiitwa jina darasani naitika kama mtu anayeomba msamaha. Kifaa ni kile tulichoanza pamoja, cha kumwonya mvuvi wa omena kwamba betri ya taa yake inakaribia kuisha, kabla giza halijamkuta mbali ziwani. Nimekipanga chote kwenye bredibodi, ile bodi nyeupe ya plastiki yenye matundu ambayo unachomeka nyaya bila kulehemu. Ikikaa mezani, kinalia vizuri. Ukiinua bodi, kinanyamaza. Jana niliibeba kutoka meza moja hadi nyingine, hatua sita tu, kikafa. Msichana mmoja wa kundi letu akasema, "Hii itawaonya wavuvi wa nchi kavu." Watu wakacheka. Hata mimi nilicheka, halafu nikaenda chooni nikakaa huko mpaka kengele ilipolia.

Bodi ni mbovu, na aliyeichagua ni mimi. Wiki iliyopita Madam Awuor, mwalimu wetu wa fizikia, alinipeleka mjini tununue mpya. Nilikuwa na rizista mfukoni, kile kijipande chenye miguu miwili ya waya, ili nijaribu matundu kama ulivyonifundisha. Nikaitoa, nikanyoosha mkono. Mwenye duka hakuinua hata macho kutoka kwenye simu yake. "Madam, mwambie huyo mtoto asitoboetoboe mali. Hapa hatuonji." Nikarudisha mkono mfukoni. Madam alinitazama, akingoja niseme kitu. Nikasema, "Hii ni sawa."

Hivyo tu, Mjomba. Maneno matatu, na nilijua si kweli.

Kibanda chako cha kutengenezea redio pale Nyalenda sasa kinauza viatu vya mitumba. Mama bado akisikia redio inakwaruza anasema, "Mpelekee..." halafu anaishia hapo. Mimi huzunguka njia ya nyuma ili nisikipite.

Siku ya kugawa vitu vyako kule Asembo nilikaa nyuma kabisa. Koti likapata mwenyewe, baiskeli ikapata mwenyewe, vyuma vya kulehemu vikaenda kwa binamu ambaye sidhani atavitumia. Kisha Mama Mkubwa akainua bredibodi yako ya zamani, akaitazama kwenye mwanga. "Na hii? Ya kuchujia omena?" Hakuna aliyeitaka. Akaniwekea mapajani. "Chukua wewe. Ni wewe uliyekuwa unaongea naye lugha hiyo." Niliifunga kwenye sweta nikaiweka chini ya kitanda, na sikuifungua kwa miezi yote hii. Nataka kukuambia kwa nini. Nadhani ndiyo sababu ninakuandikia.

Unakumbuka ile siku ulikwenda kliniki ya sukari ukaniachia ufunguo? Mezani palikuwa na taa ya Mzee Odera wa Dunga, ile uliyokuwa unaitengenezea kidhibiti cha chaji. Nyaya zake zilikuwa nene kama njiti za kiberiti. Uliwahi kuniambia, "Tundu hili ni la mguu mwembamba. Ukilipanua, halirudi." Lakini nilitaka kuona taa ikiwaka kwa mkono wangu, mara moja tu. Nilizisukuma kwa koleo, moja safu ya kumi na saba, nyingine safu ya kumi na nane. Ziliingia kwa nguvu, nikasikia kitu kikilegea ndani. Taa ikawaka. Nilifurahi kama dakika moja. Kisha nikazichomoa, nikapangusa bodi kwa pindo la sketi, nikafungua kitabu changu.

Ulihangaika siku mbili. Ulibadilisha rizista zote. Ukabadilisha nyaya. Ukachora mchoro upya kwenye boksi la maziwa ukidhani umekosea hesabu. Mzee Odera alikuja mara tatu, na ya tatu hakuketi. "Okelo, omena hainingojei." Ukamwambia, "Kosa ni langu, mzee." Nilikuwa pale, kitabu mkononi, na sikufungua ukurasa mwingine mpaka alipoondoka.

Kesho yake ukaniita binti wa dada yako, kama ulivyozoea: "Nyar nyamera, vaa viatu. Unakwenda kunichagulia bodi. Vidole vyangu vimekufa ganzi."

Uliketi kwenye kreti ya soda mlangoni mwa duka ukaniacha mbele ya kaunta. Nichomeke mguu wa rizista, nishike mguu huo tu, niinue. Bodi ikining'inia, tundu linauma. Ikianguka, irudishe. "Usijaribu tundu moja ukaridhika. Pembeni, katikati, pembeni tena." Ukanipa mita ya kupimia umeme nipime ile mistari mirefu ya pembeni mwa bodi mwanzo hadi mwisho, maana mingine imekatika katikati na hakuna alama ya kukuambia. Ukanikataza kubandua karatasi ya nyuma, kwa kuwa ndiyo inayoshikilia vibanio vya chuma. Ya kwanza ilianguka. Ya pili pia, na ya tatu. Mwenye duka alipoanza kufoka ukamwambia kwa upole, "Bwana, hata papai tunabonyeza." Akacheka. Ya nne ikaning'inia hewani kama popo, nikakuonyesha, na wewe ukaangalia uso wangu badala ya bodi. Sikuelewa kwa nini.

Jana, baada ya kile kicheko cha maabara, nilifungua sweta. Nilifikiri labda bodi yako inaweza kunifaa hata na safu mbili mbovu. Juu ya matundu kuna nukta nyekundu za rangi ya kucha, safu ya kumi na saba na ya kumi na nane. Nikaigeuza. Nyuma umebandika utepe, na mwandiko wako wa penseli: "17 na 18. Achieng', waya nene. Nimfundishe kuchagua."

Nimesoma utepe huo mara nyingi mno. Ulijua. Ulijua kabla hujaniambia nivae viatu. Na vidole vyako vya ganzi... jioni ile ile ulimtilia Mama uzi kwenye sindano, ukapita mara ya kwanza tu. Nilikuona, na sikufikiria kitu.

Nimekasirika, Mjomba. Ungenigombeza. Ungengoja niseme, labda ningesema. Au ulikuwa unangoja, na mimi nikachelewa.

Sitapeleka bodi yako kwenye kongamano. Imefanya kazi ya kutosha, na utepe ule sitaki uguswe na watu.

Kesho baada ya kanisa nitateremka Dunga nimtafute Mzee Odera. Nitamwambia taa yake ilicheleweshwa na nani. Sijui atasema nini. Nimeshaandika sentensi ya kwanza kwenye kiganja, ikifutika kwa jasho nitaiandika tena.

Jumatatu baada ya masomo Madam Awuor amekubali turudi dukani na bodi ile. Nilimwambia ukweli leo asubuhi, kwamba niliona haya. Akasema, "Basi safari hii utaongea wewe, mimi nitakaa kwenye kreti." Sijawahi kumsimulia habari ya kreti. Ametokea tu kusema hivyo, na ilibidi nigeuke niangalie ubao.

Mwenye duka akisema hawaonji, nitamwambia kuhusu papai. Sauti itatetemeka, najua. Lakini rizista itakuwa mkononi, na nitajaribu kila bodi aliyo nayo, pembeni na katikati, hata akifunga duka nikiwa ndani. Nakuahidi hilo.

Nitaanza na safu ya kumi na saba.

Pumzika, Mjomba. Kosa halikuwa lako.

Achieng'