Nambari Arobaini na Moja Haina Mwenyewe

Jumapili, tarehe 9 Machi

Mpendwa Mshauri,

Naomba msaada wako, na kabla sijaanza naahidi kukueleza yote kama yalivyotokea, hata yale ambayo nikiyasoma mwenyewe natamani kufunika uso.

Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu. Mama yangu ni mtaalamu wa maabara hospitalini, huu ni mwaka wake wa kumi na tisa, na kazi yake ni kupima damu inayoletwa kutoka zahanati za mbali. Kwa miaka miwili aliandika saa ambayo kila sampuli ilitolewa, saa iliyofika na joto la kisanduku chake, mpaka akagundua kwamba nyingi zinazodhaniwa kuharibiwa na safari huharibikia pale kwenye dirisha la maabara, zikisubiri kupokelewa. Aligundua mwenyewe, Mshauri, kwa kipimajoto na kalamu, hakuna daktari aliyemshika mkono. Mkuu wa maabara, ambaye wenzake humwita Koti kwa sababu koti lake jeupe halivui hata akienda kula, alimwambia mbele ya watu, "Bibi, wewe pima damu. Makala za majarida tuachie wenye digrii." Mama akamjibu, "Sawa, mkuu, lakini ikitoka utaisoma," akaenda kuandika.

Aliipeleka makala kwenye jarida moja la sayansi, ikarudi baada ya siku nne bila kusomwa. Sayansi haikuwa na kosa, ila marejeo hayakufuata mtindo wao. Mama alikuwa ametaja kila mtafiti kwa jina na mwaka, na mwishoni akawapanga kwa alfabeti kama alivyofundishwa chuoni, kumbe wao wanataka nambari katika mabano, anayetajwa kwanza awe 1, anayefuata awe 2, na orodha ya mwisho ifuate mpangilio huo huo. Mama alikaa mezani na viatu vyake vya kazini akasema, "Hivi hawa watu damu hawaioni, wanaona mabano tu?" Nikamwambia, "Mama, nipe mimi."

Niliandika kila chanzo kwenye kipande cha karatasi, vipande arobaini na moja, nikavitandaza kitandani na kuisoma makala aya kwa aya, nikiokota kipande kila jina lilipotokea, na nikajifunza kufupisha majina ya majarida na kuweka nukta mahali wanapoitaka na si penginepo. Kazi hiyo ilinichukua alasiri tisa. Nasema bila kujisifu, au kwa kujisifu kidogo tu, kwamba ilipendeza. Mama aliongeza mstari kwenye shukrani: "Namshukuru binti yangu," kisha jina langu, "aliyepanga marejeo." Kisha akaenda kumwambia Koti, "Yangu yamepangwa na mtoto wa kidato cha tatu, mkuu. Yako hupangwa na nani?"

Sasa kosa langu. Asubuhi ya kutuma, mama alifuta sentensi moja ukurasa wa pili kwa kuwa haikuwa na uzito, na chanzo nambari 9 kilitajwa hapo tu. Nikakitoa kwenye orodha na kuwasogeza juu wote waliobaki, 10 ikawa 9, 11 ikawa 10, hivyo hivyo hadi mwisho. Ndani ya makala yenyewe sikugusa nambari hata moja. Tukatuma, tukarukaruka jikoni kama watoto.

Juzi nilifungua nakala yetu, na kwa kweli nilitaka tu kulisoma jina langu tena, nikaona sentensi ya mwisho inataja chanzo cha 41, wakati orodha inaishia 40. Nikarudi nyuma kwa kidole. Sentensi kuhusu damu ya watoto wachanga sasa inamtaja mtu aliyepima maziwa ya ng'ombe yakipelekwa kiwandani! Mwalimu wetu wa baiolojia husema kutaja chanzo ni kumkabidhi mtu kazi yake, na mimi nimechanganya kazi za watu thelathini na wawili.

Mama hajui. Anaenda kazini kifua mbele. Mhariri ameandika kwamba tarehe 20 makala itapelekwa kwa wataalamu wawili wa kuipima, na wakiiona hivyo watadhani mama anataja vitabu asivyovisoma, wataikataa, na Koti atapata la kusema hadi atakapostaafu. Neno la siri la barua pepe ya mama ninalijua, kwa sababu ni mimi niliyemfungulia. Nimeshamwandikia mhariri barua ya kusahihisha kosa, kwa jina la mama, na mara mbili nimeweka kidole kwenye kitufe cha kutuma.

Naomba unijibu mapema uwezavyo: niitume kimya kimya ili mama aendelee kujivunia, au nimwambie, na nikimwambia, nimwombe alifute jina langu?

Binti wa Maabara


MSHAURI ANAJIBU

Binti wa Maabara,

Barua yako imeruka foleni, wengine mnisamehe.

Ondoa kidole hapo. Unaumia kwa sababu watu thelathini na wawili wamepewa kazi zisizo zao, halafu unataka kumpa mama yako barua isiyo yake? Hapo nimekukasirikia. Ungekuwa mbele yangu ungeniona usoni.

Kwa mengine sina hasira. Watu wazima wengi wangeiona hiyo 41, wakafunga faili na kwenda zao. Wewe ulirudi nyuma kwa kidole. Na huyo mama unayemwogopea amesimama dirishani miaka miwili akitafuta mahali mambo yanapoharibikia. Hatavunjika kwa kuonyeshwa mahali pengine pa namna hiyo.

Mwambie leo, akirudi tu, kabla hajakuuliza umeshindaje. Usianze na machozi, anza na karatasi: hii hapa 41, hii hapa orodha. Akifoka, mwache afoke. Kisha kaeni pamoja, wewe usome chanzo kwa sauti, yeye aitazame sentensi na aseme kama ndicho. Pitieni vyote arobaini, hata wale wa mwanzo unaodhani wako salama. Usiniletee habari ya kupunguza moja kila mahali na kujisifu kwamba mmemaliza.

Baadaye yeye mwenyewe amwandikie mhariri mistari mitatu: kosa ni hili, tumelisahihisha, nakala mpya hii hapa. Asijitetee. Nilimuuliza mhariri mmoja ninayemfahamu, akacheka: "Barua za hivyo? Laiti ningezipata zaidi." Koti naye akitaka kucheka acheke, dirisha ni lake na aliyegundua kinachoharibika hapo ni mama yako.

Jina lako usiombe lifutwe. Kazi ya alasiri tisa uliifanya wewe, kosa ni lako na aliyeligundua ni wewe, kwa hiyo shukrani hiyo ni ya kweli zaidi kuliko ilipoandikwa. Mama yako aliliweka hapo, na wa kuliondoa ni yeye tu. Mimi simjui, lakini kwa jinsi ulivyomweleza, niko tayari kuapa kwamba hataligusa. Tarehe 20 iwakute mmeshatuma.