Barabara ya Ziwa Imefungwa

Goma, tarehe 27 mwezi wa nane 2013

Mudogo wangu mupenzi Munguakonkwa,

Pokea salamu za yaya yako, kaka yako mukubwa, na uzigawanye hapo nyumbani: kwa shemeji Nsimire, kwa watoto, na kwa mama yetu kupita wote. Vumbi la kiangazi limewaachia kukohoa huko Bukavu? Na magoti ya mama yanaendelea namna gani? Kama bado anapanda kwa miguu kwenda misa ya asubuhi, mumukataze, hata akikasirika. Sisi huku tuko wazima, ikiwa kuwa muzima ni kuamka na kula. Muke wangu Henriette anakusalimu sana. Mutoto wetu Ange amefaulu shuleni na anataka ujue, kwa sababu ulimuahidi kumpandisha kwenye kamyo unayoendesha siku akifaulu.

Utajiuliza kwa nini naandika barua wakati telefone iko. Nimekupigia mara nyingi, lakini kila ukiitika nasikia mashini ya kamyo inanguruma, na ninaishia kuuliza habari za mama tu. Kwa hiyo nimekaa mezani, na Sikuli, jirani yetu anayefanya kazi kwenye bato inayovuka ziwa kuja Bukavu, atakupa hii mukononi. Uisome ukiwa nyumbani, si kwenye usukani.

Habari za vita umezisikia kwa redio, na ni kweli. Askari na waasi wanapigana upande wa Kibati, karibu hivyo, na mabomu yameanguka hata katika kartiye, mitaa wanamokaa watu. Familia zimeshuka na magodoro kichwani, zinalala shuleni na kanisani. Muji umejaa hofu. Mutu akisimama kuangalia saa yake, mwingine anajiuliza anampa nani ishara. Mugeni akiuliza njia, wanamuita mupelelezi.

Katikati ya hayo yote, kuna wakubwa walioona ndiyo wakati wa kupendezesha kando ya ziwa. Kampuni moja imeleta mashini zake na kufunga barabara kwa mabati marefu, toka Himbi mpaka karibu na bandari. Wanasema watapanua, watapanda maua, watajenga mahali pa watu kutembea jioni. Nani atatembea jioni, sijui. Waliokuwa wanauza samaki pale wamefukuzwa. Na sisi tunaokwenda kazini kwa baiskeli tumeambiwa tutafute njia zetu.

Unaikumbuka barabara hiyo. Mwaka ule volkano iliposhuka na kula katikati ya muji mpaka ziwani, ulikuwa kwangu, na tulikimbia pamoja. Tuliporudi tulipita juu ya makoro, yale mawe meusi ya volkano, yangali ya moto, na soli za viatu vyako zikalainika kama sabuni. Baadaye walisawazisha njia, nikanunua baiskeli, na toka hapo nimepita kando ya ziwa asubuhi na jioni, kwenda na kutoka kwenye depo ya unga pale bandarini ninakofanya kazi ya karani. Kila shimo nililijua. Mukono wangu ulikuwa unashika breki kabla sijafikiri.

Siku ya kwanza ya mabati nilijaribu njia ya nyuma ya majumba makubwa ya Himbi. Nilizunguka kati ya kuta mpaka nikatokea kwenye geti la mutu, na mulinzi akanirudisha na matusi. Kesho yake nilipitia Katindo, lakini karibu na kambi askari hawataki baiskeli zipite. Ikabaki njia ya mbali: kupanda mpaka Majengo, kisha kushuka katika vichochoro vya makoro mpaka katikati ya muji. Ni mwendo mrefu, na kule juu hakuna kitu kilichonyooka. Jiwe limetokeza hapa, mufereji uko pale, mutoto anakimbia, chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, inateremka na makaa, mwenyewe amesimama juu yake anapiga kelele watu wapishe.

Niligonga chukudu. Niligonga ukuta wa kanisa. Siku moja nilianguka katika mufereji na kuchanika goti, na Henriette aliponiuliza nikamuambia mbuzi alinikatisha njia. Alinifunga kidonda, kisha aliniangalia muda murefu.

Hapo ndipo Donat alijitolea kunisindikiza. Huyu Donat ni karani mwenzangu, tunakaa kartiye moja. Ni mutu wa maneno mengi, lakini moyo wake ni mweupe. Alisema mimi nimezoea barabara ya wazungu, nimesahau kuendesha kama mutu wa Goma, kwa hiyo nimufuate yeye. Nikamufuata. Alikuwa na shati la njano la kuchezea mupira, na mimi niliweka macho yangu mugongoni pake kama kwenye taa. Alipoinama niliinama, alipopinda nilipinda. Kwa siku nyingi hatukuanguka, nikaanza kujidanganya kwamba mambo yamekwisha.

Halafu, pale Majengo, nilipindua beseni la sambaza la mama mumoja aliyekuwa amekaa kando ya njia. Samaki wakamwagika katika vumbi. Yule mama alisimama, akashika kiuno, akaniambia mbele ya watu wote, “Papa, macho uliyaacha nyumbani?” Watu walicheka, na mimi nikacheka pamoja nao. Donat peke yake hakucheka. Alikuwa anaangalia beseni, kisha ananiangalia, kisha beseni tena. Lilikuwa jekundu, mudogo wangu, na kubwa kama gurudumu la kamyo yako.

Sasa nakuja kwenye siku yenyewe. Usiku mabomu yalikuwa yameanguka, watu wamekufa, na asubuhi askari walikuwa wamekasirika kila mahali. Tuliondoka hata hivyo, kwa sababu patroni, mwenye depo, hataki kusikia. Juu ya Majengo munyororo wa baiskeli ya Donat ulitoka. Akaniambia nitangulie polepole, atanifikia. Nikatangulia. Mbele yangu niliona njia nyeupe, safi, bila mutu. Nilishangaa tu kuwa kumenyamaza hivyo.

Nilisikia mutu anaita “Telema!” upande wa kuume, kwa Lingala ya askari. Nikafikiri anasimamisha mutu mwingine. Akaita tena. Halafu risasi ikalia, na mimi nikajikuta chini, baiskeli juu yangu, mudomo umejaa vumbi. Kumbe nilikuwa nimepita bariyeri. Walikuwa wamefunga kamba nusu ya njia, askari wawili wamesimama kando yake, wameinua mikono kunisimamisha, na wengine wamekaa kwenye mawe. Wote walikuwa pale kuumeni kwangu, hatua chache tu. Sikuona hata mumoja.

Donat aliposikia risasi alikuja mbio, anapunga mikono, anapiga kelele jina langu. Wakamukamata yeye. Wakasema ndiye aliyekuwa anampa mupelelezi ishara toka nyuma, na mimi ndiye niliyetumwa kupima kama bariyeri inalala. Wakamupiga kwa kitako cha bunduki kwenye sikio, akapiga magoti. Aliendelea kusema sisi ni makarani wa depo ya unga, na kadiri alivyosema, ndivyo walivyozidi kumupiga. Mukubwa wao akaniuliza swali moja tu: mutu muzima, saa ya jua, anapitaje mbele ya askari wanaomunyooshea mukono kama si kwa makusudi?

Nilikuwa na majibu mengi. Ningeweza kusema breki zimekufa. Ningeweza kusema nilikuwa nawaza. Ni uongo kama huo niliokuwa nampa Henriette muda wote. Lakini Donat alikuwa chini na damu inashuka kwenye shati la njano, na yule mukubwa alikuwa mutu ambaye angekwenda moja kwa moja kukagua breki.

Nikasema, “Afande, mimi sioni.”

Wakacheka. Mukubwa akasema kipofu gani huyu anaendesha baiskeli. Nikamuambia mbele naona, naona nyota za begani mwake, naona hata kovu la kidevuni, lakini kando hakuna kitu. Akanitazama. Akaniamuru niangalie pua yake nisigeuze kichwa, akanyoosha mukono wake pembeni, akaniuliza anaonyesha vidole vingapi. Nikasema sioni mukono. Akausogeza karibu. Nikasema sioni mukono. Akausogeza tena, mpaka nikasikia joto la kidole karibu na kona ya jicho langu, na bado nikasema sioni. Hapo askari waliacha kucheka. Mumoja wao, kijana, alisema taratibu kwamba muzee anasema kweli.

Walituachia. Mukubwa aliniambia nishukuru Mungu kwamba aliyepiga risasi alipiga juu, na kwamba nisionekane tena kwenye baiskeli katika njia yake. Kesho hapatakuwa na mutu wa kuuliza maswali, alisema.

Tulitembea tukisukuma baiskeli. Donat alitangulia mpaka katikati ya muji. Nilingoja anitukane, nilitamani anitukane. Halafu akaniuliza toka lini. Nikamuambia sijui vizuri, labda toka miaka miwili, labda mitatu, kwamba mwanzo nilifikiri ni moshi wa volkano, kisha nikafikiri ni uchovu, kisha nikaacha kufikiri kwa sababu barabara ya ziwa ilikuwa inanipeleka na kunirudisha yenyewe. Akasimama, akajifuta sikio, akasema kazini hatuendi. Akanipeleka kwa daktari wa macho.

Daktari ni mama mumoja mupole. Alinipima muda murefu, kisha akaeleza. Maji ya ndani ya jicho yanasukuma kwa nguvu kupita kiasi, na ile presha inakula mushipa unaopeleka picha kichwani. Ugonjwa unaanzia pembeni. Katikati panabaki safi kwa muda murefu, ndiyo sababu nasoma, naandika, na ninajidhania muzima. Haiumi. Kilichokwisha kuondoka hakirudi tena. Kuna dawa ya matone ambayo nitaweka kila siku mpaka kufa, ili kulinda kinachobaki.

Nimemuambia Henriette siku hiyo hiyo. Hakunikemea. Alilia, kisha akasema alikuwa anajua kuna kitu, lakini alifikiri nimepata mwanamuke mwingine upande wa Majengo. Tukacheka tukilia. Patroni naye nimemuambia. Amesema atafikiri, na uso wake ulivyokuwa, naogopa anavyofikiri. Kwa sasa Donat ananibeba nyuma ya baiskeli yake, kwa njia nyingine ya mbali isiyopita kwenye bariyeri ile. Nimekaa juu ya chuma, mutu wa umri wangu, nimemushika kiuno, na sikio lake bado lina bandeji.

Lakini si hayo yaliyonifanya nikose usingizi.

Daktari aliniuliza kama kuna mutu mwingine nyumbani kwetu aliyekuwa hivi. Nikataka kusema hapana. Kisha nikamuona papa, baba yetu, mawazoni, jinsi alivyokuwa anatembea na mukono ukutani, jinsi alivyopindua vikombe na mama akamugombeza kwa kutojali. Mwishoni alipokuwa haoni kabisa, wengine walisema ni uzee, wengine walisema wamemulisha sumu. Nilimueleza daktari. Akaacha kuandika, akasema ugonjwa huu unapita katika damu, toka muzazi kwenda kwa watoto, na kama nina ndugu wa tumbo moja lazima apimwe haraka, hata kama anasema anaona vizuri. Zaidi sana kama anasema anaona vizuri. Akauliza ndugu yangu anafanya kazi gani.

 Donat ndiye aliyejibu.

Mudogo wangu, mwezi wa kwanza wa mwaka huu, ulipokuja kunichukua kwa kamyo twende Bukavu, kioo chako cha kuume kilikuwa kimevunjika. Uliniambia pikipiki ilikugonga, na kwamba hukuona ilipotokea. Njiani ulikwangua ukuta wa daraja, ukasema daraja ni jembamba. Nilikaa karibu yako, nikakuamini, kwa sababu hata mimi sikuona ule ukuta. Fikiria: wawili tulikuwa tumekaa mbele ndani ya kamyo ile, na nyuma yetu watu wamekaa juu ya mizigo na watoto wao, wanaimba.

Labda si kitu. Labda daraja lilikuwa jembamba kweli. Lakini fanya hivi sasa, kabla ya kukunja barua. Funika jicho moja kwa kiganja, uangalie uso wa Nsimire, usigeuze kichwa, naye anyooshe mukono kando na kuuleta polepole. Kisha jicho la pili. Akuambie ukweli, yeye anayeona. Lakini hata ukiona vizuri mara zote, usishike usukani kabla daktari hajakupima. Najua kamyo ndiyo chakula chenu, najua mama anakula kwa mikono yako. Kasirika, nitukane, sema nimekuletea balaa nyumbani. Nitayapokea yote. Ila usiendeshe.

Njoo Goma kwa bato, hata kama vita iko, daktari huyu yupo na hafungi. Kwangu kuna kitanda. Nitakungoja bandarini pamoja na Donat. Ukishuka usinijie toka ubavuni kama unavyopenda kunishtua. Simama mbele yangu, nikuone.

Musalimu mama, lakini usimuambie kitu kwanza, tutamuambia pamoja. Henriette na Ange wanawabusu wote. Mungu awalinde na mabonde na milima ya huko, na atulinde sisi na mabomu.

Ni mimi, yaya yako anayekupenda,

Zihindula